"Ni sonda tu": Namba za joto la injini ya ndege ndogo zinapogoma kueleweka

Mwezi wa kumi, Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, saa mbili kasoro asubuhi, na jua tayari limeanza kuchoma lami. Tulikuwa abiria watano wa kwenda Pweto. Mizigo ilikuwa imepimwa kwenye mizani na kufungwa kwa wavu nyuma ya viti. Ndege ilikuwa Cessna 206, ile ya injini moja yenye silinda sita. Rubani akawasha, akaiacha injini ipate moto, akasogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, akaongeza nguvu ili kuipima. Akatazama dashibodi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akageuza, akarudi tulikotoka, akazima.

"Kuna nini, papa?" mama mmoja nyuma yangu akauliza.

"Silinda ya tano. Joto lake si sawa."

"Inachemka?"

"Hapana, mama. Iko baridi kupita zingine."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baridi? Nani aliwahi kuona safari inavunjika kwa sababu injini haikupata moto wa kutosha? Bwana mmoja mwenye teksi mbili mjini akacheka mpaka akashika kiti. "Papa, twende tu! Ni sonda ile, kile kidude cha kupimia joto. Hata gari yangu ya Katuba, sindano ya joto ilikufa siku nyingi, na inatembea." Wawili wakamuunga mkono. Mama akasema yeye hapandi kitu ambacho mwenye nacho anakiogopa. Mimi nilinyamaza, maana sikujua niko upande gani.

Ubishi huo si wa Luano peke yake. Tangu ndege mbili za Boeing 737 MAX zianguke, moja Indonesia mwezi wa kumi 2018 na nyingine Ethiopia mwezi wa tatu 2019, na ikajulikana kwamba kihisi kimoja cha puani kilitoa namba ya uongo, watu wengi wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaoona kila namba ya ajabu ni ajali inayokuja. Na kuna wa "ni sonda tu". Wote wanaruka hatua ileile: hakuna aliyeuliza namba imetoka wapi.

Ile siku nilikuwa na bahati. Mmoja wa mafundi wa pale ni rafiki wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na aliniruhusu nisimame pembeni huku wakiitafuta shida. Mengi ninayoeleza hapa niliyaona kwa macho. Mengine ni fizikia ya kawaida ambayo yeyote aliyekaa darasani Lubumbashi aliwahi kuiandika kwenye daftari na kuisahau.

Watu wanne wa kubeba salamu

Sonda ni neno la gereji zetu. Vitabu vya Kiswahili huandika kihisi. Ni kitu kidogo, mara nyingi si kirefu kuliko kidole, kinachochomekwa mahali penye joto na kuligeuza joto hilo kuwa umeme kidogo. Umeme unasafiri kwenye waya hadi kwenye kipimo mbele ya rubani, kiwe cha sindano au cha kioo chenye namba.

Kwa hiyo namba anayoiona rubani imebebwa na wanne: chuma chenyewe, sonda, waya, na kipimo. Ukituma salamu kutoka Kamalondo hadi Kasapa kupitia watu wanne, zikafika zimegeuzwa, huwezi kumlaumu mmoja kwa sababu tu ndiye unayemjua jina. Lakini hivyo ndivyo tunavyofanya tukisema "ni sonda". Sonda ina jina. Waya hauna wa kuutaja. Na kwa kweli, kwa mujibu wa yule fundi, waya na viungo vyake ndivyo vinavyomsumbua mara nyingi zaidi, maana vinatikisika mchana kutwa, vinapata moto na kupoa, na kila anayefungua injini anavivuta.

Sasa, joto lenyewe haliko la aina moja. Kwenye injini ndogo ya pistoni kuna matatu yanayohesabika, na mtu akiyachanganya atatishika bure.

La kwanza ni la kichwa cha silinda, yaani kifuniko cha aluminiamu ambacho chini yake petroli inawaka. Injini nyingi za namna hii hazina maji wala rejeta. Zinapozwa na hewa inayoingia kwa mbele na kupita kati ya mapezi ya silinda. Injini nyingi za kampuni ya Lycoming zina kikomo cha digrii 260, nyingi za Continental 238, lakini marubani wenye kutunza mali hupenda kusafiri kwenye 200 au karibu yake, kwa sababu aluminiamu hulegea kadiri inavyozidi kupata moto.

La pili ni la moshi unaotoka. Hapa ndipo abiria akichungulia dashibodi roho inamtoka: anaona 750. Aluminiamu inayeyuka kwenye 660! Mbona silinda haitiririki kama nta? Kwa sababu 750 ni joto la gesi, na gesi ile inapita kwa kishindo kifupi kisha inatoka. Pitisha kidole haraka juu ya mwali wa mshumaa, huungui. Kiache hapo, utajuta. Kichwa cha silinda kinaguswa na moto kwa muda mfupi na kupulizwa hewa muda wote. Joto la moshi likiwa kati ya 650 na 870 si ajabu. Tena namba yenyewe peke yake haina uzito mkubwa, kwa sababu ukisogeza sonda sentimita chache kwenye bomba, namba inabadilika na injini ni ileile. Fundi hutazama kama imebadilika kulinganisha na jana.

La tatu ni la oili. Hili ni la mzee: linapanda polepole, linashuka polepole, na halina papara. Kwa injini nyingi mstari mwekundu uko karibu na 118.

Katika mji wa shaba, shaba haikufaa

Sonda za ndege hizi ziko za koo mbili, na kila ukoo una namna yake ya kudanganya. Ukijua namna hizo, nusu ya kazi imeisha.

Ukoo wa kwanza hutumika sana kwenye oili. Ndani yake kuna kitu ambacho ukinzani wake, yaani ugumu wake wa kupitisha umeme, unapungua joto likipanda. Kipimo kinatuma umeme kidogo na kuona unapita kwa urahisi gani. Sasa fikiri mwenyewe: waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, na kipimo kinasoma "ugumu mkubwa", yaani baridi. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha injini, ile masi kama mafundi umeme wetu wanavyoiita, umeme unapita bila kizuizi, na sindano inalala kwenye nyekundu. Injini ni ileile. Kilichobadilika ni plastiki ya waya iliyochubuka. Na masi ikiwa na kutu, ugumu unaongezeka kidogo, na oili inaonekana baridi kuliko ilivyo. (Zipo pia sonda za platini ambazo hufanya kinyume: ugumu unapanda na joto. Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, soma kitabu cha ndege ile, si cha jirani.)

Kwa hiyo ile imani kwamba sonda mbovu huonyesha moto mkali ni nusu ya kweli. Mara nyingi sonda au waya mbovu huonyesha baridi. Na uongo wa baridi ndio mbaya, kwa sababu haumwamshi mtu.

Ukoo wa pili ni themokapo, na ndio unaotumika kwenye vichwa vya silinda na moshi kwenye vipimo vingi vya siku hizi. Ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikiwa kwenye moto na mwisho mwingine ukiwa pa baridi, umeme unazaliwa wenyewe, bila betri. Lakini ni umeme kidogo wa kusikitisha: kwa aina inayoitwa K, tofauti ya digrii 100 inazaa milivolti 4 tu. Betri ndogo ya tochi ina milivolti 1,500. Kwa umeme mdogo namna hiyo, kiungo kilicholegea, unyevu kidogo, au waya uliofungwa sambamba na waya za plagi, vyote vinaweza kuingiza kelele. Kwenye vipimo vya zamani vya sindano, vinavyosukumwa na umeme huohuo wa themokapo, hata kuufupisha waya kunabadilisha namba.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na mimi sikulijua, ni kwamba themokapo haipimi joto la nchani peke yake. Inapima tofauti kati ya nchani na mwisho wa waya, kwenye kipimo. Kipimo kinajua joto lake chenyewe, kinajumlisha, ndipo kinatoa namba. Na umeme wenyewe unazaliwa njiani, kila mahali waya unapotoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Kwa hiyo waya ule ni sehemu ya sonda. Kwa aina ya K ni aloi za nikeli, mmoja umechanganywa na kromu, mwingine na aluminiamu, na zinapaswa kuwa hivyo kuanzia injini hadi dashibodi.

Mtu akikata kipande na kuweka waya wa shaba, amefanya nini? Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Kata sentimita 20 katikati, shona uzi mahali pake. Futi bado ina urefu uleule, bado inaishia kwenye 150, na mteja bado anapimwa. Ila nguo haitamtosha.

Hapa Lubumbashi kumwambia mtu kwamba shaba haifai ni kumtukana babu yake. Mkoa wenyewe wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Shaba inapitisha umeme kuliko karibu metali zote, tumeichimba, tumeiyeyusha, tumeiuza. Lakini kwenye themokapo ya K sifa hiyo haisaidii. Kipande cha shaba hakizai umeme unaotakiwa, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya ncha zake mbili inapotea kwenye hesabu. Kikianza mahali penye digrii 65 chini ya kifuniko cha injini, kikaishia nyuma ya dashibodi kwenye 30, digrii 35 zimeliwa. Silinda yenye 215 itasomeka 180, na rubani atafurahi.

Tena, na hapa ndipo ujanja ulipo, asubuhi injini ikiwa baridi ncha zote mbili za shaba zina joto moja. Kosa ni sifuri. Kila kitu kinaonekana kizima.

Ukigeuza waya, ule wa kuongeza ukawa wa kupunguza, utaona kituko kingine: injini inapata moto, namba inashuka. Hilo angalau halifichiki.

Je, chuma kinaweza kufanya hivyo?

Kabla ya kugusa bisibisi, fundi aliuliza rubani swali moja: namba iliruka au ilitembea?

Kichwa cha silinda ni kipande kizito. Hakiwezi kutoka digrii 190 hadi 40 na kurudi 190 kwa sekunde mbili, kama vile sufuria ya bukari (ugali) haiwezi kuepuliwa na kupoa kabla hujageuka kuchukua sahani. Namba ikiruka namna hiyo, ni umeme. Tafuta kiungo kilicholegea. Lakini ikitembea, hata kwa haraka, digrii baada ya digrii, iamini mpaka upate ushahidi mwingine. Petroli inapoanza kujilipua yenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake, joto la kichwa hupanda kwa kasi ya kutisha, lakini bado linapanda ngazi kwa ngazi.

Swali la pili: nani mwingine anasema hivyo? Silinda ambayo haiwaki kweli itakuwa baridi kichwani, na moshi wake utakuwa baridi pia, na injini itatetemeka mpaka chai imwagike. Ile ya kwetu ilikuwa baridi kichwani tu. Moshi wake ulikuwa sawa na wa wenzake, na injini ilikuwa tulivu. Mashahidi wawili dhidi ya mmoja.

Lakini si kila kutokukubaliana ni uongo, na hapa wengi hupoteza pesa. Kila silinda ya ndege hizi ina plagi mbili, buji kwa lugha ya mtaani kwetu. Moja ikifa, petroli inawaka polepole zaidi, na inatoka nje ikiwa bado inaungua: joto la moshi linapanda, la kichwa linashuka kidogo. Mtu anaona namba mbili zinapingana, anasema sonda zimeharibika, anaagiza mpya. Sonda zilikuwa zinasema kweli tupu. Vivyo hivyo joto la moshi la silinda moja linaloelea juu na chini polepole, karibu mara moja kwa dakika, linafanana sana na waya mbovu, ila linaweza kuwa dalili ya vali ya moshi iliyoanza kuungua. Hilo si la kuahirisha.

Kwa oili, shahidi wa kwanza ni msukumo wake. Joto likisomeka juu na msukumo umetulia, kuna nafasi kubwa kwamba tatizo ni kipimo. Joto likipanda na msukumo ukishuka, tafuta pa kutua, hakuna mjadala.

Swali la tatu fundi analiuliza kwa swichi. Washa taa ya kutua, izime. Bonyeza kitufe cha redio. Sindano ikiinama kila ukiwasha taa, jua kwamba hakuna taa ya kutua inayoweza kupasha oili moto kwa sekunde moja. Masi ndiyo ya kutafutwa.

Hayo yote ni ya chini. Angani rubani si fundi, na kazi yake ni kuichukulia namba kama ya kweli: kushusha pua kidogo ili hewa nyingi iingie, kupunguza nguvu, kuongeza petroli kwenye mchanganyiko, kufungua milango ya kupozea kama ipo. Joto la kweli hutii, japo kwa kuchelewa. Namba isiyosikia lolote inajitia mashaka yenyewe.

Bwana wa teksi alikuja kutusikiliza kidogo, akasema mafundi wanapenda kujipa kazi. Nilimsimulia ya Kegworth. Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ilianguka karibu na kijiji hicho cha Uingereza, watu 47 wakafa. Injini ya kushoto ndiyo iliyovunjika bapa la feni. Marubani wakazima ya kulia, iliyokuwa nzima. Kipimo cha mtikisiko kilikuwa kinaonyesha kushoto. Lakini vipimo vya aina hiyo kwenye ndege za zamani vilikuwa vimejipatia sifa ya uongo, na marubani walikuwa wamezoea kutovihesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ile ilikuwa ndege kubwa.

Kubadilishana waya

Wakati huo tulikuwa na historia yote mkononi. Daftari ya ndege ilionyesha kwamba silinda ya tano ilikuwa "baridi" kwa majuma kadhaa. Mtu alishasema ni sonda. Sonda mpya ikaagizwa, ikalipiwa, ikawekwa, na ikatoa uongo uleule. Ilikuwa sonda nzima ikasingiziwa, ikatupwa.

Injini ilipopoa kiasi cha kuguswa, hawakutoa sonda yoyote. Walifungua viungo vya karibu na injini na kubadilishana: sonda ya silinda ya tatu ikapewa waya wa tano, na ya tano ikapewa waya wa tatu. Wakawasha tena, wakasubiri ipate moto. Kama uongo ungehamia kwenye namba 3 ya dashibodi, basi ni sonda, au ni silinda kweli. Ukibaki kwenye namba 5, ni waya au kipimo.

Ulibaki. Namba 5, ambayo sasa ilikuwa inasikiliza silinda ya tatu, ilisoma 112. Zingine zilikuwa kati ya 140 na 155.

Wakazima, wakabadilishana tena, safari hii nyuma ya dashibodi. Uongo ukahamia namba 3. Kipimo kikawa huru. Amebaki waya.

Jaribio hili la kubadilishana halihitaji mashine ya bei. Kinachotakiwa ni subira, na kuandika kila hatua, kwa sababu baada ya mabadilishano mawili hakuna binadamu anayekumbuka nini kimeunganishwa na nini.

Waliufuata waya kwa vidole kuanzia ukuta wa moto, ule unaotenga injini na watu. Nyuma ya dashibodi, ndani ya utepe mweusi uliofungwa vizuri sana, vizuri kupita waya zingine zote, kulikuwa na kiungo. Kingine kilikuwa upande wa injini. Katikati yake ni waya mwekundu na mweusi wa shaba, wa aina inayouzwa kwa mita kwa ajili ya redio za gari. Hakuna aliyeandika popote ni nani aliuweka. Aliyefanya alikuwa na mkono mzuri, lazima tuseme. Hakujua tu kwamba waya huu si waya.

Wakati wanangoja waya wa nikeli uletwe kutoka stoo ya jirani, nilimuuliza fundi kuhusu jaribio ambalo yaya wangu hulifanya kwa sonda za magari: kuichemsha. Akasema wanalifanya pia, kwa sonda za oili hasa. Unaweka sufuria ya maji kwenye mbabula (moto wa makala, si makala hii unayoisoma), unatumbukiza sonda pamoja na kipimajoto unachokiamini, unasoma zote mbili. Shida ni kwamba vijana wengi hawaweki kipimajoto. Wanasema maji yakitokota ni 100, sonda inasema 96, basi imekufa. Lakini 100 ni ya pwani. Luano iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa hutokota karibu na digrii 96. Goma na Bukavu, zilizo juu zaidi, ni karibu 95. Amewahi kuokota kwenye pipa la takataka sonda mbili nzima, zilizotupwa kwa kosa la kusema ukweli.

Barafu, kwa wenye friji, haina ubishi huo: barafu iliyopondwa ndani ya maji ni sifuri, uwe Moanda pwani au juu ya mlima Nyiragongo.

Na jaribio rahisi kuliko yote ni la bure. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ndege ikiwa imelala usiku kucha, washa umeme tu na usome namba zote. Silinda zote, oili, zote lazima zikubaliane na hewa ya asubuhi. Anayetofautiana ana kesi ya kujibu. Ila kumbuka ile shaba: asubuhi ilikuwa inakubaliana na wote. Jaribio hili humkamata mwongo, lakini halimtakasi mtu.

Namba iliyopita mbele ya macho yetu

Waya mpya ulikuwa umefungwa saa tisa alasiri. Wakawasha. Silinda ya tano ikaanza kupanda pamoja na wenzake, mama akapiga makofi, na bwana wa teksi akasema si aliwaambia ni kitu kidogo.

Ila haikusimama kwenye 145. Ilifika 154.

Fundi akarudi kwenye karatasi yake. Kwenye lile badilisho la kwanza, silinda ya tano ilipokuwa inasomwa kwa waya mzima wa tatu, namba ilikuwa 154 vilevile. Ilikuwa kubwa kuliko zote. Imeandikwa kwa mkono wake. Sote tulikuwa tumekodolea macho ile ya 112.

Sasa ilikuwa zamu ya joto la kweli. Injini hizi zinategemea hewa isukumwe kupita kwenye mapezi, na isitoroke pembeni. Kinachoizuia kutoroka ni mabati membamba na kanda za mpira zinazogusa kifuniko kwa juu. Ukanda ukipasuka, hewa inapita njia ya mkato na silinda iliyo karibu inaachwa kwenye joto lake. Nyigu nao hupenda kujenga vyumba vya udongo humo, na ndege wa angani huleta majani, hasa ndege ya chuma ikikaa siku kadhaa bila kuruka. Mwezi wa kumi ni mbaya zaidi: hewa ya Katanga ina moto, na kwenye mwinuko huu ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya pwani.

Upande wa silinda ya tano ukanda wa mpira ulikuwa umepinda kwa ndani na kuchanika, urefu wa kiganja. Kwa majuma yote yale silinda ile ilikuwa ndiyo yenye moto kuliko zote, na dashibodi ilikuwa inaitaja kuwa baridi kuliko zote.

Ukanda ulibadilishwa kwa mwanga wa tochi. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, namba zote sita zilisoma 19 na 20. Bwana wa teksi aliomba kiti cha mbele. Tulipomaliza kupanda na ndege ikanyooka, alinyoosha kidole kwenye kioo, kwenye namba 5, na kumkaribia rubani masikioni. Rubani akainua vidole kuonyesha: mia mbili na tatu. Baada ya dakika kumi akauliza tena.

Tulipofika Pweto, mzigo wake ukiwa bado ndani ya wavu, bwana wa teksi alikuwa tayari kwenye simu na dereva wake wa Katuba. "Gari isitoke," nilimsikia. "Hapana, iko mzima. Isitoke tu. Kaifungue, uniambie ile waya ya sindano inaenda wapi."